Kabla ya Tabo, Breki

Vijana wa Songea tunapenda mbio. Pita kijiweni kwetu Lizaboni jioni yoyote, utakuta ubishi ni ule ule: Subaru na Toyota ipi inachanja mbuga zaidi, nani katoka Njombe kwa saa ngapi, nani katoboa eksozi mpaka gari inanguruma kama simba. Anayebisha kwa sauti kubwa kuliko wote mara nyingi hana hata baiskeli. Sisemi kwa kubeza, jamani. Mimi mwenyewe nimo. Riwaya ninayoiandika, huu mwaka wa pili sasa, shujaa wake ni dereva wa mbio za magari.

Tangu nimalize kidato cha nne nashinda gereji kwa mjomba. Nashika spana, naosha vipuri kwa petroli, nasikiliza. Huko ndiko nilikoona kwamba gari la mbio halitengenezwi kama tunavyosimuliana kijiweni.

Kila mtu anaanzia kwenye injini. Injini inakula hewa na mafuta. Ukitaka nguvu zaidi, iingizie hewa zaidi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini ya kawaida ikifika huku inapungukiwa. Dawa yake ni tabo: moshi unaotoka unazungusha feni, na feni inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Ndiyo maana vijana wanaililia Subaru Impreza WRX, iliyotoka mwaka 1992 na injini yake ya lita 2 yenye tabo. Lakini ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta ya kutosha, joto ndani ya silinda linazidi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inatoboka. Hapo umenunua injini nyingine.

Mjomba husema hiyo ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kusimama. Mwendo ukiongezeka mara mbili, toka kilometa 60 kwa saa hadi 120, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka mara nne, na yote inageuka joto. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu wa hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, yanachemka mapema na kutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedeli inazama mpaka chini, gari linaendelea na safari zake.

Wakubwa wa mbio walilijua hilo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ulaya walikuwa na viwanja vyao vya lami vya kuzunguka. Huku uwanja ulikuwa vumbi, matope na mawe. Joginder Singh, aliyekuwa fundi, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili na silinda sita. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari la aina hiyo hiyo. Alikuwa amefungana pointi na Harry Källström wa Sweden. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Nilikuwa nayafikiria hayo siku kijana mmoja alipoleta Impreza yake gereji.

"Shikamoo fundi. Nataka uniongezee tabo kabla ya Jumamosi."

"Marahaba. Jumamosi kuna nini?"

"Tunashindana na jamaa wa Mbinga. Usiku, barabara ya Njombe. Magari yanakuwa machache."

Mjomba akaingia chini ya gari na tochi. Alipotoka alijifuta mikono taratibu.

"Breki za nyuma zimekwisha. Tairi zina miaka minane, imeandikwa ubavuni hapo. Breki nitakubadilishia, tairi ukanunue. Tabo siigusi."

Kijana akacheka, akaweka noti juu ya boneti. Nilizihesabu kwa macho: kodi ya gereji ya miezi miwili, na tunadaiwa mitatu. Mjomba akazikusanya, akamrudishia mkononi.

"Basi nitapata fundi mwingine."

"Utampata, mwanangu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale. Kijana yule alikuwa amemwahidi kiti cha kushoto.

"Kaka," aliniambia usiku, "wewe unaziandika mbio, mimi nataka kuziona."

Nikamwambia aifikirie ile barabara usiku. Bodaboda zisizo na taa. Lori la mahindi limeharibika, na kinachokuonya ni matawi ya miti yaliyowekwa lami. Mama anarudi shamba na mzigo kichwani. Hata Safari yenyewe zamani ilipita katikati ya watu na mifugo. Ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na iliporudi mwaka 2021 ikawa inakimbiwa kwenye barabara zilizofungwa. Dereva anayekimbia kwenye barabara iliyofungwa anaweka rehani roho yake. Anayekimbia barabara ya Njombe anaweka na ya yule mama, bila kumuuliza.

Jumamosi mdogo wangu hakwenda. Sidhani ni maneno yangu. Nadhani ni zile noti zilizorudishwa. Mbio zilifanyika, nasikia hakuna aliyeumia. Sasa wanapanga nyingine.

Wenzangu mnaoandika, tumewasifu sana wanaokanyaga mafuta. Mtu anayelala chini ya gari na tochi, akakataa fedha anazozihitaji, naye ana hadithi. Shujaa wangu nimemhamishia huko.

Na kwa wakubwa wa mji nina ombi moja: kipande cha barabara kifungwe asubuhi mbili tu kwa mwaka, polisi wasimame njia panda, gari la wagonjwa lisubiri. Vijana tutaleta magari. Kukagua breki, mjomba amesema atafanya bure.