Unasoma wapi? Mkwawa. Ile sekondari?

Nilipotea kidogo, testi zilikuwa zimetubana. Leo Jumapili nimefua, nimekula wali maharage, sasa nipo kitandani na blanketi mbili maana baridi ya Iringa haina mjadala. Kuna jambo limenikaa kooni.

Mnalijua lile swali la kwenye basi. "Unasoma wapi, dogo?" Ukijibu Mlimani, mtu anakaa vizuri kwenye siti. Ukijibu Mkwawa, linafuata swali la pili: "Ile sekondari?" Ukiongeza kwamba unasomea ualimu, basi tena, mnaanza kuongelea mvua.

Haya, ni kweli ilikuwa sekondari. Enzi za mkoloni majengo haya yalikuwa shule ya watoto wa Kizungu, baadaye ikawa Mkwawa High School. Mwaka 2005 ndipo ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, pamoja na ndugu yetu DUCE pale Chang'ombe, ambako kulikuwa na chuo cha ualimu. Wote tupo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada tunayopewa ni ya chuo hicho hicho.

Na hilo jina si la mchezo. Mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani pale Lugalo. Fuvu lake likaja kutajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na mwaka 1954 likarudishwa, lipo Kalenga hapo jirani. Anayesema hajawahi kulisikia jina hili akawaulize Wajerumani.

Sasa kwa nini 2005? Wakubwa zetu wanakumbuka. Mwaka 2004 ulianza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, shule za kata zikaota kila mahali. Wananchi walibeba mawe na mchanga, madarasa yakasimama, watoto wakaingia. Walimu je? Wakachukuliwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapigwa kozi ya haraka haraka, wakapelekwa madarasani. Mtaani wakaitwa vodafasta. Watu walicheka, ila yule vodafasta ndiye aliyekuwepo. Mkwawa na DUCE vilifunguliwa ili pengo hilo lizibwe na mwalimu aliyesoma miaka mitatu kamili. Kwa hiyo ukikuta mwalimu wa fizikia kwenye shule ya kata huko ndani, uliza alipitia wapi. Usishangae ukisikia Mkwawa.

Wanaosema chuo chetu ni cha kuungaunga naomba wasome historia kidogo. Mlimani yenyewe ilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Huko mlimani kwenyewe walihamia 1964. Yaani hata kaka mkubwa alianza kwa nyumba ya kuazima na shahada ya watu. Simdharau, nasema tu kwamba kila jina kubwa lilikuwa dogo siku moja.

Na si sisi peke yetu. Kuna Patandi, Arusha, chuo cha ualimu kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Ni wangapi humu wameshakitaja midomoni mwao? Mtoto kiziwi anaweza kukaa darasani miaka saba akiangalia midomo ikicheza tu. Siku akipata mwalimu anayejua lugha ya alama, hiyo ndiyo siku yake ya kwanza ya shule.

Kuna Chuo Kikuu Huria pia, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994. Watu wanakichukulia kama chuo cha wazee. Mwalimu aliyenifundisha hesabu kidato cha tatu alikuwa anasoma Huria huku anafundisha. Jioni anasahihisha madaftari yetu, usiku anafungua vitabu vyake kwa taa ya sola. Alikuwa akikosea hatua ubaoni anacheka, anafuta, anaanza upya, na sisi tukajifunza kutoogopa hesabu. Hakuna gazeti lililoandika habari zake. Mimi kusoma ualimu wa hesabu leo ni kwa sababu yake.

Haya yote yamenijia kwa sababu ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo. Amepata nafasi vyuo viwili na anatakiwa athibitishe kimoja, mwisho ni Jumatano. Kimoja ni hapa Mkwawa, ualimu wa fizikia na hesabu, kitu alichokuwa anakipenda tangu kidato cha pili. Kingine kipo Dar, jina lake linajulikana mpaka kijijini, ila kozi yenyewe hata yeye hawezi kuielezea. Simu zimeanza. Mjomba anasema ataaibisha ukoo. Shangazi anasema ualimu ni wa waliokosa pa kwenda.

Sikumficha kitu. Nilimwambia ajira za ualimu siku hizi ni za kugombania, kuna waliohitimu miaka mingi na bado wapo nyumbani. Nikamwambia na baridi, alete sweta. Halafu nikamwambia achague kozi, asichague geti. Geti utapita dakika moja, kozi utaishi nayo miaka thelathini. Mwalimu wa fizikia akifundisha watoto mia moja kila mwaka, kwa miaka hiyo ni watoto elfu tatu. Huyo anaaibishaje ukoo? Hajanijibu, kasema anafikiria. Uamuzi ni wake, mimi sitampigia tena.

Nyie mliobaki nawaomba kitu kimoja tu. Ukikutana na mwanafunzi kwenye basi akakutajia chuo usichokijua, usimwangalie kama aliyepotea njia. Muulize anasomea nini na atakwenda kumsaidia nani. Jibu lake linaweza kukufikisha Mafinga hujasinzia.

Kesho saa moja asubuhi ni zamu yangu kufundisha mbele ya wenzangu, na andalio la somo bado sijagusa. Alamsiki.