Kiboko Mbele ya Darasa

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward, ndani ya Mbuga ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Huko watu na wanyama hukaa pamoja, wala hakuna ukuta kati yao.

Mwalimu mmoja, mgeni kutoka Ulaya, alikuta alfajiri kiboko akila majani mbele ya darasa. Akashika fimbo amfukuze. Wanafunzi wakapiga kelele: «Bwana Mwalimu, usisimame kati yake na maji!» Maana kiboko hula usiku, na kukipambazuka hurudi ziwani, anayemkatia njia hujitafutia mauti. Wakangoja kimya, mnyama akapita, ndipo kengele ikalia.

Je, kwa nini asiuawe? Kwa sababu mavi yake huyarutubisha maji, na samaki hupata chakula. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa karibu 29,000. Kufikia 2005, vita na uwindaji haramu vilikuwa vimewapunguza hata chini ya 1,000. Wavuvi nao wakalalamika kwamba samaki wamepungua.

Enyi wazazi, huko malipo ya shule hutoka katika nyavu. Anayempisha kiboko leo amlindia mwanawe kitabu cha kesho.