Ukoo wa Nyandusi na boma la Nyosia

Msomaji, ukimsikia Mfaransa akiitwa fulani "de" fulani, aghalabu jina hilo la mwisho ni la kijiji ambacho wazee wake walikimiliki, pamoja na ngome na jasho la wakulima wake. Mwaka wa 1790 wanamapinduzi walifuta vyeo vya kikabaila, lakini majina yakabaki.

Sisi Wagusii hatukuwa na makabaila wa aina hiyo. Tulikuwa na ukoo na ardhi, na viwili hivyo havitengani hata kwa jina. Bonyaribari ni kwa Abanyaribari, Bobasi ni kwa Ababasi, Bonchari ni kwa Abanchari (karani wa mkoloni sijui alisikia nini hata akaandika Wanjare). Kwa hiyo kila mmoja wetu, hata muuza ndizi wa Keroka, ni "de" fulani!

Ukubwa wa kupewa ulitujia na Mwingereza. Mwaka wa 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa wilaya, nasi tukachomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe. Baada ya hapo serikali ikatawala kupitia machifu. Aliyekuja kuvuma sana miongoni mwao ni Musa Nyandusi wa Nyaribari, mwenye boma la Nyosia, si mbali na mji wa Kisii. Miaka ya 1930 Waafrika wa huku waliporuhusiwa kupanda kahawa, alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Kahawa ilileta pesa, pesa zikaleta karo.

Mwanawe, Simeon Nyachae, alizaliwa mwaka wa 1932. Alikuwa mkuu wa mkoa, kisha mkuu wa watumishi wa umma, mbunge wa Nyaribari Chache, Waziri wa Fedha, na mwaka wa 2002 akawania urais. Mwana wa Nyachae, Charles, aliongoza tume ya kutekeleza Katiba ya 2010. Vizazi vitatu hivyo, msomaji, na bado wako wanaodai kwamba Kenya haina wana wa wakubwa. Nyachae alifariki Februari 2021, akazikwa papo hapo Nyosia.

Uwezo wa kurithisha cheo sina, wala siuonei wivu. Kinachonikosesha usingizi ni udongo. Kwa mila yetu kila nyumba hurithi mashamba ya mama yao. Kwetu Nyamira babu alikuwa na wake wawili. Baba akapata kipande, nasi ndugu wanne tukakigawa. Changu ni migomba kadhaa na mistari michache ya chai. Wanangu ni watatu, nao wamekulia Nairobi.

Kifungua mimba ameniuliza chake kitaanzia wapi. Likizo ya Agosti nitampeleka tukapime kwa kamba, ndugu zangu wakiwepo, kabla wazee wanaoijua mipaka hawajaisha.