Garsen: Mahali mto unapochagua vifaa vya bafu la watoto

Basi la Lamu ling'oapo nanga Malindi asubuhi, msomaji, litakupitisha Gongoni penye chumvi na kisha kukuingiza katika nchi tambarare yenye vichaka, joto na vumbi. Baada ya kilomita kama 100 utafika njia panda ya Minjila. Anayekwenda Hola na Garissa huendelea na safari yake. Wewe wa Lamu utaelekea Garsen, na hapo ndipo utakapouona mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya.

Usidanganyike na upole wake. Maji hayo ya rangi ya chai ya maziwa yametoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuteremka huku hadi baharini Kipini. Kwa hivyo Garsen yaweza kufurika siku ambayo mbingu yake ni nyeupe pe! Mvua ya mabara ikijaza Masinga, wa huku chini ndio wanaohama. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ikawa tena 2018, kisha mwishoni mwa 2023 na Aprili na Mei 2024. Mwaka huo wa 2023 hata barabara ya Lamu ilikatwa na maji upande wa Gamba. Na Mei 2024 maji yalipoanza kushuka, kipindupindu kiliripotiwa katika Kaunti ya Tana River.

Pengine unajiuliza, haya yanahusiana vipi na bafu la watoto? Yanahusiana sana. Kando ya Tana, mtoto asiyekuwa na mahali pa kuogea nyumbani huoga mtoni. Mtoni kuna mamba, na wazazi wa huku hawahitaji kukumbushwa hilo na mgeni. Lakini kuna adui mwingine asiye na meno: kichocho. Viini vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, yaani madimbwi, mifereji ya mashamba na kingo zenye majani, vikapenya ngozi ya mtoto anayecheza majini. Dalili yake ni mkojo wenye damu. Mgonjwa akikojoa majini, konokono hupata viini vipya na mzunguko unaanza upya. Bafu na choo nyumbani huukata mzunguko huo pande zote mbili. Hata maji yakiwa ni yale yale ya mtoni, ukiyaacha ndani ya pipa lenye kifuniko kwa siku 2 bila konokono, viini hivyo hufa kabla mtoto hajaoga.

Sasa tuje kwa ujenzi wenyewe. Nyumba nyingi za vijiji vya Wapokomo na Waorma zimejengwa kwa vitu vya hapa hapa: fito, udongo, nyasi, mikeka na majani ya miti ya jamii ya minazi. Ni vifaa vizuri kwa joto hili, na mafuriko yakibomoa nyumba, mwenyewe huijenga tena bila deni. Lakini kwa bafu havifai. Udongo hulowa, mikeka huoza, na fito huliwa na mchwa. Ukitaka nguzo ya mti, gogo la mvumo ndilo la kutegemea, kwa kuwa mchwa huliogopa.

Shida kubwa ya Garsen, hata hivyo, haiko ukutani bali chini ya miguu. Udongo wa delta ni mfinyanzi mzito. Ukinyeshewa hufura; ukikauka hupasuka hadi mkono ukaingia. Mwaga zege jembamba juu yake na kabla ya mwaka kwisha utakuwa na nyufa, na ndani ya nyufa hizo ndimo uchafu na mende hufanya makao. Fundi ajuaye kazi huuchimba na kuuondoa udongo huo, akashindilia mawe na moramu, akainua jukwaa juu ya alama ya mafuriko yaliyopita (kila ukuta wa zamani unayo, itazame tu), kisha akamwaga zege lenye unene wa sentimita 10 na wavu wa chuma ndani. Kipimo ni kile cha siku zote: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mchanga wa mto ni bora kuliko wa pwani, kwani ule wa bahari una chumvi inayokula chuma.

Zege likishikana, lifunike magunia na ulimwagie maji siku 7. Hapa ndipo wengi huharibu. Katika jua la Garsen, zege lisilonyweshwa hukauka kwa haraka, likawa la kuparuza na kumomonyoka kama andazi la juzi.

Sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea tundu la kutolea maji, na pale inapokutana na ukuta fundi azungushe pembe, asiiache kali. Ufagio hauingii katika pembe kali. Ukuta nao upigwe lipu ya saruji angalau hadi kimo cha mtu mzima. Juu ya hapo chokaa inatosha, nayo hupakwa upya kila mwaka kwa gharama ndogo.

Chokaa si kitu cha kudharau. Endelea na safari yako kutoka Garsen, pita Witu hadi Mokowe, vuka kwa mashua uingie Lamu, utakuta ndani ya nyumba za kale bafu zenye kuta za lipu ya chokaa ya matumbawe iliyosuguliwa hadi ikawa laini kama kaure. Pembeni kuna birika la maji, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna kigae hata kimoja cha kutoka dukani.

Nyinyi wa Nairobi na Mombasa mnaojenga nyumbani kwa likizo, nawajua: mtataka vigae vinavyong'aa. Kwa maoni yangu, kigae chenye kung'aa sakafuni ni mtego kwa mtoto mwenye sabuni miguuni. Kama ni lazima, nunua vya kuparuza kidogo, vikubwa, ili mistari ya katikati inayoshika ukungu iwe michache. Na msimwage asidi za kusafishia choo juu ya saruji, huila. Maji, sabuni na brashi ngumu vinatosha.

Kwa choo chenyewe, vibamba vya plastiki vimeleta nafuu. Havinyonyi mkojo, huoshwa kwa kopo moja la maji, na mto ukitangaza kuja, watu wawili huking'oa na kukipeleka juu pamoja na mbuzi. Tundu la watoto liwe dogo kuliko la wakubwa, maana mtoto anayeogopa kutumbukia ataenda vichakani. Mlango uanze sentimita 10 kutoka sakafuni, uwe wa mbao kali au mabati yaliyopakwa rangi. Zile mbao za kugandishwa kwa gundi hufura kama mkate majini. Komeo na ndoano ya taulo viwe kwenye kimo cha mtoto wa miaka 5.

Kazi yote hii ifanywe Januari au Februari, ardhi ingali kavu. Ikifika masika, lori la kokoto likizama kwenye tope, utalipia kulikokota kuliko ulivyolipia kokoto.