Tabo ya Kusimulia

Nilinunua tabo kubwa kuliko gari langu, na kuliko barabara ninazopita. Hakuna aliyenidanganya. Muuzaji aliniuzia nilichoomba, fundi alinionya kabla hajashika spana, na rafiki aliyenitia hamu alisema kweli tupu kuhusu gari lake. Kosa ni langu tangu bolti ya kwanza.

Gari lenyewe ni Subaru Forester yenye injini ya EJ20, lita mbili, gia tano za mkono. Nairobi ukisimama kando ya barabara yoyote utaisikia kabla ya kuiona. Ilikuja na tabo ndogo ya kiwandani, TD04, na tabo ile haikuwa na ila. Mizunguko ikifika 2,500 hivi geji ya presha inaamka, na kabla ya 3,000 umeshabanwa kwenye kiti. Tatizo lake lilikuwa moja tu: ilikuwa ya kiwandani. Nilikuwa nimeshabadilisha ekzosi, nimeweka chujio jipya la hewa, nimenunua rimu ambazo sikuzihitaji, na kila nikiulizwa "umeweka tabo gani?" sikuwa na jibu la kujivunia.

Mimi ni wa kizazi kilichokulia kwenye Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Impreza ya buluu, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza pia. Mvulana aliyeona vumbi lile akisikia mlio wa tabo hapimi tena kwa akili. Nasema hivi kueleza hamu ilikotoka. Si kujitetea.

Rafiki yangu wa utotoni yuko Mombasa, ana Forester kama yangu, na alikuwa ameweka tabo ya Mitsubishi yenye feni ya 20G. Nilipokwenda likizo alinipa funguo, tukatoka alfajiri kuelekea Kilifi. Baada ya Mtwapa barabara ilifunguka. Mizunguko iligonga 3,800, presha ikajaa, na gari likaondoka kwa namna iliyonifanya nicheke peke yangu kama mwendawazimu. "Shekhe," nikamwambia, "mimi na hii tumeshakubaliana." Akajibu kwamba nisikimbilie, kwamba huko bara mambo huenda yakawa mengine. Nilisikia sehemu ya kwanza tu.

Sikununua kwa pupa, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisoma. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja: moshi wa injini unazungusha ya kwanza, na ya pili inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kanuni haijabadilika tangu hapo. Feni kubwa hupitisha hewa nyingi huko juu, lakini inadai moshi mwingi ndipo izunguke. Sufuria la pilau ya arusi halichemki upesi juu ya jiko la watu wawili. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba kilo moja ya hewa kwa dakika, kwa makadirio ya mafundi, huzaa nguvu kama farasi 22, kwa hiyo nikajipangia farasi 350 na kuhesabu kurudi nyuma: karibu kilo 16 za hewa kwa dakika. Nilitafuta hata ramani ya kompresa, ile michoro yenye duara ndani ya duara kama ramani ya mlima. Pembeni kushoto hewa inarudi nyuma na kupiga kelele, pembeni kulia feni inaishiwa pumzi, na katikati ndipo penye tija. Nikaweka alama zangu. Zikaanguka vizuri kabisa ndani ya 20G. Tabo ya 16G, ndogo yake, ilionekana kubanwa. Nikafunga daftari kwa raha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Katika hesabu zile niliandika 101 mahali ambapo palihitaji 82.

Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapo hushuka hadi kama 82. Mimi nimeishi miji yote miwili. Najua maji huchemka mapema Nairobi na maharage huchelewa kuiva, lakini sikuwahi kujiuliza injini yangu inapumua nini. Kabla tabo haijaanza kusukuma, injini inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na Nairobi kila pumzi ina upungufu wa karibu moja ya tano. Hewa ikipungua petroli inapungua, petroli ikipungua moshi unapungua, na feni kubwa inakaa pale ikisubiri wa kuizungusha. Wapo watakaosema hewa nyepesi ndiyo inayodai tabo kubwa, na wakizungumzia mizunguko ya juu kabisa wana haki: ukitaka farasi walewale wa pwani, lazima feni ishughulike na hewa nyingi zaidi kwa ujazo. Lakini gharama ya farasi hao inalipwa huku chini, mahali ninapoendeshea mimi.

Fundi wangu ni mzee mtulivu mwenye gereji Industrial Area. Alitazama orodha yangu ya vipuri, akafuta mikono, akauliza, "Hii gari unaiendesha wapi sana sana?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu la kweli lilikuwa hili: kutoka Ruaka hadi Upper Hill na kurudi, foleni ya asubuhi na foleni ya jioni, na mara mojamoja Naivasha na familia. Nilimjibu, "Kila mahali, fundi. Naipeleka mbali."

Akasema 16G ingenitosha na kubaki. Nikasema nimeshapiga hesabu. Hakubishana. Mafundi wazuri huwa hawabishani na mteja mwenye daftari.

Aliifunga, pamoja na injekta kubwa na pampu mpya ya mafuta, akairekebisha kompyuta ya gari. Presha aliiweka chini kuliko nilivyotaka. Pistoni za kiwandani za injini yangu ni za kutupwa, na petroli ikilipuka kabla ya wakati wake zinapasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Ukitaka presha ambayo 20G inang'aa nayo, sharti uifungue injini na kuweka pistoni za kufuliwa. Fedha hizo sikuwa nazo. Kwa hiyo nilikuwa na tabo iliyochelewa kuamka na ambayo, ikiamka, haikuruhusiwa kufanya kazi iliyoundiwa. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi niliendesha hivyohivyo miezi kadhaa nikiwaambia watu "inavuta vibaya sana".

Na ilivuta, ukiifikisha 4,500. Kazi ilikuwa kuifikisha. Katika foleni gari likawa zito kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa hiyo nikaanza kulishikilia kwa klachi ili mizunguko isianguke, na klachi ikaanza kunuka. Kupanda kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru, nyuma ya malori yanayotambaa kwa gia ya kwanza, nilikuwa nikiona nafasi ya kupita, nakanyaga mafuta, nasubiri, na nguvu inafika wakati nafasi imeshafungwa. Siku moja hapohapo Probox iliyojaa magunia ya viazi hadi kwenye kioo cha nyuma ilinipita, ikalipita na lori, ikapotea konani. Mke wangu alikuwa amekaa kando. "Si ulisema hii imewekwa injini ya mashindano?" Nikamwambia bado inajizoesha.

Niliamini hivyo, au nilitaka kuamini. Nilirudi kwa fundi kulalamika kwamba pengine kompyuta haikurekebishwa sawasawa, au pengine kuna mahali presha inavuja. Alikagua mipira yote, akapima, hakukuta kitu. Kisha akachomeka kifaa kidogo cha kurekodi, akaniambia niendeshe wiki nzima kama kawaida yangu, nisimfanyie maonyesho.

Niliporudi alifungua kompyuta yake juu ya boneti. Pale skrini kulikuwa na mistari iliyosimama, kila mmoja ukionyesha muda ambao injini ilikaa kwenye kiwango fulani cha mizunguko. Kati ya 1,500 na 3,000 mistari ilisimama mirefu kama mnazi. Kuelekea 3,500 ikafupika. Baada ya 4,000 ilikuwa vijiti. Juu ya 4,500, pale ambapo tabo yangu ilianza kazi, palikuwa na ukucha tu, mwembamba kiasi kwamba nilidhani ni uchafu kwenye kioo. Nikaufuta kwa kidole. Haukufutika.

Fundi hakucheka. Aliuliza tu, "Na hii ilikuwa wapi?"

Niliijua mara moja. Ilikuwa Jumapili asubuhi kwenye Southern Bypass, barabara tupu, mpwa wangu akiwa kando, nami nikimwonyesha mjomba ana gari gani. Wiki nzima ya petroli, klachi na subira, na tabo ilikuwa imetumika kumfurahisha mtoto wa miaka kumi na miwili kwa muda wa kupiga chafya. Muda wote uliobaki nilikuwa nimeendesha injini ya lita mbili isiyo na tabo, yenye mzigo wa chuma umening'inia kwenye ekzosi.

Nilikaa kwenye kreti ya soda pale gereji nikaitazama ile picha. Kilichonitia aibu hakikuwa 101 na 82. Hesabu hukosewa, na hata ningeandika 82 nadhani ningepata njia ya kufika kwenye 20G, maana tabo niliichagua kwanza na hesabu nikaitafuta baadaye. Kilichonitia aibu ni jibu nililompa mzee yule aliponiuliza naendesha wapi. Alikuwa ameuliza habari za gari. Nilimjibu kuhusu mtu ambaye ningependa awe ndiye anayeliendesha.

Baadaye nilisoma jinsi Saab walivyofanya na 99 Turbo, waliyoionyesha Frankfurt mwaka 1977. Wakati huo tabo ilikuwa sifa ya magari kama Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975, yanayosubiri kisha yanakurusha. Wahandisi wa Saab, wakiwa na lita mbili kama zangu, walichagua tabo ndogo makusudi, ipate kuamka mapema kwenye mwendo wa kawaida, nao wakaridhika na farasi 145. Nikarudi hata kwa mashujaa wangu wa Safari: zile Impreza zilivuta hewa yao yote kupitia tundu la milimita 34 lililowekwa kisheria kwenye mdomo wa tabo. Huko juu zilikuwa zimekabwa, kwa hiyo wahandisi walitafuta mvuto chini na katikati. Vumbi nililolipenda utotoni lilitimuliwa na magari yaliyonyimwa hasa kile nilichokwenda kukinunua.

Tuliweka 16G. Presha sasa inajaa mapema kidogo baada ya 3,200, bado nyuma ya TD04 lakini mahali ambapo mguu wangu unaishi, na kutoka Mai Mahiu napita malori bila kufanya mipango. Ukinibana niseme ukweli, kwa safari zangu ingetosha kubaki na tabo ya kiwandani na kurekebisha kompyuta tu. Fundi hakulisema hilo, nami sikumuuliza.

Gharama: tabo mbili, klachi moja, kompyuta kurekebishwa mara mbili, na injekta ambazo hazikuwahi kufunguka hata nusu. Jumla ilikaribia shilingi 310,000. Mabati ya nyumba ya mama huko Kisauni yalisubiri mwaka mmoja zaidi. Mama hakuuliza kwa nini, na kama angeuliza sijui ningelianzaje neno tabo.

Ile 20G niliiuza karibu nusu ya bei. Mnunuzi alikuwa kijana wa Rongai, mstaarabu, mwenye Impreza na daftari. Nilimweleza kila kitu: urefu wa Nairobi kutoka baharini, pistoni za kutupwa, ile mistari kwenye skrini, hata Probox na viazi vyake. Nikamuuliza anaendesha wapi sana sana. Alinisikiliza kwa adabu yote, akitikisa kichwa kila nilipotua. Kisha akasema yeye huipeleka mbali, akahesabu pesa, akauliza kama nauza na zile injekta.

Nilimuuzia.