Sindano tatu, kisha vidonge: dawa mpya mikononi mwa wauguzi wetu

Katika vilima vya Kalehe, Masisi au Fizi, mtu akisema anakwenda kwa munganga, mara nyingi haendi kwa daktari. Anakwenda kwa muuguzi wa kituo cha afya. Ndiye anayempima mtoto, ndiye anayechagua dawa na kushona kidonda, na mama akishikwa na uchungu usiku ndiye anayeamshwa. Daktari yuko kwenye hospitali kuu ya zoni, labda mwendo wa saa tano kwa miguu, labda ng'ambo ya barabara ambayo wiki hii haipitiki. Nchi nzima ina zoni za afya 519, na katika nyingi kati ya hizo mambo ni hayo hayo.

Kwingine kazi hiyo ina jina lake. Tanzania na Kenya wana matabibu. Marekani wana wasaidizi wa daktari, walioanza mwaka 1965 kwenye Chuo Kikuu cha Duke, pale Dokta Eugene Stead alipochukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa afya katika jeshi la majini na kuwafundisha kutibu. Leo msaidizi wa daktari wa Marekani akitaka kubaki na cheti chake cha taifa, lazima amalize saa 100 za masomo mapya kila miaka miwili. Congo ilikuwa na watu wa namna hiyo mapema zaidi. Wabelgiji walifundisha wasaidizi wa kiganga huko Léopoldville, wakawaacha watibu watu bila kuwapa jina la daktari. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa bado hakijatoa daktari Mkongomani hata mmoja, na makumi ya wasaidizi hao wakapelekwa Ufaransa kumalizia udaktari. Kwa hiyo si jambo jipya hapa kwamba mtu asiyeitwa daktari anafanya kazi ya daktari. Jambo ambalo bado halijapangwa ni nani anamfundisha dawa zinapobadilika.

Na dawa zinabadilika. Mfano ulio karibu na kila nyumba ni malaria kali, ile inayoleta degedege, inayomfanya mtoto asiweze kunyonya wala kukaa. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa kinini ndani ya serumu. Wazazi wanaifahamu: chupa imetundikwa, matone yanaanguka polepole kwa saa nne, na baada ya saa chache inaanza nyingine. Kinini imeokoa wengi. Lakini pia inashusha sukari ya damu, na mtoto aliyekwisha kudhoofika anaweza kuzimia kwa sababu ya dawa yenyewe. Ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kuharibu mshipa wa fahamu, na mtoto anabaki na mguu unaoburuta. Watoto wa namna hiyo wapo katika vijiji vingi, na si wote waliougua polio kama majirani wanavyodhani.

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Congo ikiwa mojawapo. Wengine walipewa kinini, wengine sindano ya artesunate. Kati ya watoto 100 wa kinini walikufa karibu 11. Kati ya watoto 100 wa artesunate walikufa kati ya 8 na 9. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini zaidi kidogo ya mtu mmoja kati ya kila kumi wanaokufa kwa malaria duniani anakufa hapa Congo. Mwaka uliofuata OMS ikashauri artesunate iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali.

Hapo ndipo masomo ya muuguzi yanapoingia, kwa sababu artesunate haifanyi kazi kwa mazoea ya kinini. Ni unga ndani ya kichupa. Kwanza unayeyushwa kwa maji ya bikarbonati yanayokuja pamoja nao, kisha unaongezewa serumu ya chumvi au ya sukari, na kiasi cha kuongeza kwa sindano ya mshipa si sawa na cha sindano ya msuli. Ukishachanganywa unatumika ndani ya saa moja. Mtoto lazima apimwe uzito, si kukadiriwa kwa macho: walio chini ya kilo 20 wanapata miligramu 3 kwa kila kilo, na wenye kilo 20 na zaidi, watu wazima wakiwemo, wanapata 2.4. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 24 tu kutoka kwenye kichupa cha 60. Kinachobaki kinamwagwa, na hapo familia inaanza kunung'unika kwamba dawa imeibiwa. Muuguzi ambaye hakufundishwa anaweza kuona huruma akaweka mabaki kwa ajili ya kesho. Kesho hiyo dawa si dawa tena.

Sindano ya kwanza inachomwa mara mgonjwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza. Hata mtoto akiamka baada ya ya kwanza akaomba uji, tatu ni lazima. Asipoweza kumeza, anaendelea na moja kwa siku. Akiweza kumeza, anapewa vidonge vya malaria vya siku tatu, dozi nzima. Vidonge hivyo ndivyo vinavyosahauliwa kuliko kitu chochote. Artesunate inaua vimelea upesi lakini inatoka mwilini upesi pia, na vimelea vilivyojificha vinaweza kuamka tena. Mama anaona mtoto amekaa, anahesabu siku za kulala kituoni na pesa ya chakula, anamfunga mgongoni na kuondoka. Hakuna wa kumlaumu kama hakuna aliyemweleza.

Kwamba dawa nzuri peke yake haitoshi, Congo imejionea. Kuna artesunate ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa kwa watoto wa chini ya miaka 6, iliyotengenezwa kwa vijiji vya mbali: rele wa kijiji anaiweka, mtoto anapata nguvu ya kufika hospitali. Kati ya 2018 na 2020 ilifuatiliwa Congo, Nigeria na Uganda. Kwetu ilikuwa Kenge, Kingandu na Ipamu, upande wa magharibi. Dawa ilifika vijijini, lakini vifo havikuonekana kupungua. Watoto wengi waliochomwa sindano huko mbele hawakupewa vile vidonge vya mwisho, na wengine hawakufika haraka mahali pa kutibiwa. Januari 2022 OMS ikaziambia nchi zisiipeleke mbele kwanza, hadi mwaka uliofuata ilipotoa maelezo ya namna ya kuitumia vizuri. Hakuna aliyesema dawa ni mbaya. Ilionekana tu kwamba mtu aliyefundishwa kuiweka alikuwa mmoja, na waliotakiwa kuendeleza kazi yake hawakuandaliwa.

Upande wetu wa mashariki kuna mfano uliokwenda vizuri zaidi. Wakati wa Ebola, kuanzia Novemba 2018, dawa nne zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, chini ya timu ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Agosti 2019 mbili kati yake zilishinda waziwazi. Waliokuja wakiwa na virusi vichache mwilini na kupewa mojawapo ya hizo mbili, karibu 9 kati ya 10 walipona. Wauguzi wa pale walijifunza kazi nzito, wakiwa ndani ya mavazi ya kinga, huku mji ukiwa na risasi. Lakini walifundishwa kila siku, kando ya kitanda, na mtu aliyejua akiwa amesimama karibu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Kwa malaria mafunzo huwa ya namna nyingine. Mara nyingi ni siku mbili mjini, kwenye ukumbi, na pesa ya usafiri. Anayeitwa ni titulere, mkuu wa kituo. Anarudi na faili, anaiweka kabatini, na anayebaki zamu ya usiku ni kijana ambaye hakuwepo. Degedege linakuja usiku. Kama faili haikufunguliwa, kijana yule atafanya alichokiona mwalimu wake akifanya shuleni miaka kumi iliyopita, yaani kinini na serumu. Isemwe pia kwamba wagonjwa wenyewe wanachangia, kwa sababu wengi wanaamini bila serumu hawajatibiwa, na muuguzi anayechoma kisindano kidogo anaonekana hajui kazi.

Kinachoweza kufanyika hakihitaji fedha za wafadhili wote wa Geneva. Ukurasa mmoja wa uzito na dozi, ubandikwe ukutani pale dawa inapochanganywa. Mzani unaofanya kazi. Titulere akitoka mjini awafundishe wenzake wote ndani ya wiki hiyo, huku vichupa vikiwa mezani. Msimamizi wa zoni akija, asiangalie madaftari tu, amwambie muuguzi wa usiku achanganye dozi mbele yake.

Kwa familia zilizohama kuna jambo la ziada. Mtoto anaweza kuanza sindano Minova na kumalizia mahali pengine kabisa. Muuguzi wa pili hawezi kubahatisha. Kwa hiyo karatasi inayoonyesha jina la dawa, uzito wa mtoto, saa ya kila sindano na kama vidonge vimetolewa ina thamani sawa na dawa yenyewe, hata ikiwa imeandikwa kwenye kipande cha daftari la shule. Mzazi ana haki ya kuiomba. Aulize pia vidonge viko wapi kabla ya kutoka mlangoni. Na kwa wiki nne zinazofuata amwangalie mtoto: akipauka viganja na macho, au mkojo ukiwa mweusi kama kokakola, arudishwe haraka kituoni, kwa sababu baada ya artesunate damu ya wagonjwa wachache huweza kupungua siku nyingi baadaye, wakati nyumbani kila mtu amekwisha kusema amepona.