Penzi la Prodyuza wa Mbinga Lilivyotikiswa na Luku

Mjini Mbinga kuna kapo moja ambayo wapenda muziki wa kule wote wanaijua. Jamaa ni prodyuza, studio yake iko chumba cha pili cha nyumba wanayopanga. Mrembo wake ana friza sebuleni, anauza juisi, barafu na samaki wa Mbamba Bay. Majina yanabaki kapuni.

Watu walikuwa wanasubiri harusi tu. Jamaa alishaweka hela ya mahari, akisubiri msimu wa kahawa uishe apeleke barua. Kahawa ikilipwa wasanii wana hela na kwaya zinataka kurekodi, kwa hiyo studio hailali.

Kasheshe ilianza siku mrembo aliponunua luku ya elfu 5. Alizoea kupata uniti kama 41. Zikaja 14. Akadhani kaibiwa na wakala, akaenda kugomba. Wakala akamwambia, "Dada, nenda TANESCO, wamekubadilishia tarifu."

Ni kweli. Kwa bei za EWURA za 2016, nyumba isiyozidisha wastani wa uniti 75 kwa mwezi inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ukizidisha miezi mfululizo unahamishiwa tarifu ya kawaida, shilingi 292. Ukiweka na kodi ndiyo hiyo, 122 dhidi ya 356. Friza pekee isingewafikisha huko. Friza, kompyuta, spika na feni ya studio usiku kucha, wakavuka.

Ndani hapakukalika. Mrembo: "Studio yako inakula barafu zangu." Jamaa: "Na friza lako je, linatumia mkaa?" Majirani wakasikia yote.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani umeme ukishafika, shida imeisha. Mbinga walikaa miaka mingi na majenereta ya dizeli, umeme ambao kuuzalisha kulikuwa ghali kuliko bei anayolipa mteja. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika Songea 2018, Rais Magufuli akaizindua Aprili 2019, majenereta yakapumzika. Bila hiyo laini, studio ya jamaa isingekuwepo kabisa. Sasa hivi nchi ina Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024. Umeme wa kutosha upo.

Lakini umeme wa Rufiji ukifika Songea, bado una safari ya kilomita karibu 100 juu ya nguzo, milimani, kwenye mvua za Umatengo. Mti ukiangukia waya, megawati 2,115 hazimsaidii mtu wa Mbinga. Ndiyo yaliyomkuta jamaa. Kwaya imefika na watu wake wote, wako katikati ya wimbo wa tatu, giza. Kazi ilikuwa haijasevu. Kwaya ikaondoka na advansi ikarudishwa. Sebuleni nako samaki wameanza kulainika.

Usiku huo mrembo ndiye aliyetoa wazo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Hela ya mahari toa. Weka luku yako ya studio, nunua na betri." Kuunganishiwa umeme mjini ni shilingi 320,960, betri na inveta juu yake. Yaani barua inasogea mwaka mzima.

Kwao mrembo hawakufurahi. Shangazi yake alisema wazi kwamba mwanaume anayenunua betri kabla ya kutoa mahari hajaamua. Mrembo akamjibu, "Shangazi, nikiolewa leo kwenye nyumba inayogombana kila luku ikiisha, mtanirudisha nyumbani kwa nauli ya nani?"

Mita ya pili imeshafungwa. Studio inalipa 356 yake kama biashara nyingine yoyote, na jamaa kapandisha bei ya kurekodi. Nyumba imeanza kushuka chini ya uniti 75, wanasubiri irudishwe tarifu ya zamani. Barua bado haijaenda.

Haya wadau, shangazi ana pointi au mrembo kacheza kama yeye? Komenti ziko wazi, matusi hapana.